Utafiti wa pamoja kuhusu chanzo cha narkolepsia

Utafiti wa pamoja kuhusu chanzo cha narkolepsia ni kazi iliyofanywa na wataalamu wa fani mbalimbali (madaktari wa neva, wataalamu wa usingizi, wa vinasaba, wa kinga ya mwili, wa mifugo na wa takwimu za magonjwa) ili kujua kwa nini baadhi ya watu hushikwa na usingizi mchana bila kuweza kuuzuia. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Hakuna fani moja iliyopata jibu peke yake, na mara kadhaa kilichokwamisha kazi ni watu wa fani moja kutojua kinachofanyika katika nyingine.

Ugonjwa wenyewe

Narkolepsia ni ugonjwa wa kudumu wa ubongo. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja hivi kati ya 2,000, na mara nyingi huanza katika umri wa kwenda shule. Mgonjwa husinzia akiwa anakula, anaongea au anaandika. Wengi pia hupatwa na katapleksia, yaani kulegea ghafla kwa misuli wanapocheka, kufurahi au kushtuka: magoti hukunjika na taya hulegea, lakini akili hubaki macho. Wengine hukabwa na jinamizi karibu kila usiku, au huona na kusikia mambo ya ndotoni wakati bado hawajalala sawasawa. Kwa kuwa dalili huja polepole, mwanafunzi mgonjwa anaweza kuitwa mvivu au mkesha-hovyo kwa miaka mingi, na hata kuadhibiwa, kabla ya kufikishwa kwa daktari anayeutambua ugonjwa.

Narkolepsia isichanganywe na malale, ambayo huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o katika sehemu za Afrika. Malale huambukizwa, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Narkolepsia haiambukizwi na haiui yenyewe, ingawa inaweza kusababisha ajali barabarani au jikoni.

Kutoka kliniki hadi maabara ya usingizi

Mjerumani Karl Westphal alieleza dalili hizo mwaka 1877. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Jean-Baptiste-Édouard Gélineau aliupa ugonjwa jina, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ganzi na kushikwa. Mgonjwa wake aliyejulikana zaidi alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo.

Dokezo la kwanza kuhusu mahali pa tatizo lilitokana na ugonjwa mwingine kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, uvimbe wa ubongo wenye kuleta usingizi mzito ulienea Ulaya. Constantin von Economo, aliyekuwa Vienna, alichunguza bongo za waliofariki akaona kwamba waliolala kupita kiasi walikuwa wameharibika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, eneo dogo lililo chini ya ubongo. Alihisi kwamba narkolepsia pia ina chanzo chake huko. Alikuwa sahihi, lakini uthibitisho ulikuja takriban miaka 70 baadaye.

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago waligundua kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza haraka na ndoto hutokea. Kwa mtu mzima wa afya kipindi hicho huanza baada ya saa moja na nusu hivi. Mwaka 1960 Gerald Vogel alionyesha kuwa mgonjwa wa narkolepsia anaweza kuingia humo mara tu alalapo. Hapo katapleksia na jinamizi vilianza kueleweka: ni hali za ndotoni, hasa ule ulegevu wa misuli, zinazovamia wakati wa kuwa macho.

Mbwa, panya na homoni ya njaa

Katika miaka ya 1970 William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kufuga mbwa wenye narkolepsia. Kwa mbwa aina ya Doberman na Labrador ugonjwa ulirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kuupima kulikuwa rahisi: vipande vya chakula kitamu vilipangwa sakafuni, na mbwa mgonjwa alianguka kwa furaha kabla ya kuvimaliza. Kupata jeni yenye kasoro hakukuwa rahisi hata kidogo. Emmanuel Mignot na wenzake waliitafuta kwa takriban miaka kumi, wakati ramani ya vinasaba vya mbwa ilikuwa bado haijachorwa.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wakishughulika na mambo yasiyohusu narkolepsia hata kidogo. Mwaka 1998 makundi mawili yaligundua kemikali ileile ya ubongo. Kundi la California, akiwemo Luis de Lecea, liliiita haipokretini kwa kuwa hutengenezwa katika haipothalamasi. Kundi la Dallas, la Takeshi Sakurai na Masashi Yanagisawa, liliiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki la hamu ya kula, kwa sababu panya waliodungwa walikula zaidi. Majina yote mawili yanatumika hadi leo, jambo linalowasumbua wanafunzi bila sababu ya maana.

Yanagisawa na wenzake walitengeneza panya wasio na oreksini wakitazamia kuona mabadiliko makubwa ya ulaji. Mchana hawakuona la ajabu. Panya ni wanyama wa usiku, basi wakawarekodi gizani kwa kamera ya miale isiyoonekana, wakaona wakisimama ghafla na kuanguka katikati ya michezo. Mwezi Agosti 1999 matokeo hayo yalichapishwa karibu wakati mmoja na yale ya Mignot, aliyegundua kwamba mbwa wake walikuwa na kasoro katika kipokezi cha kemikali hiyohiyo.

Mwaka 2000 kazi ilirudi kwa binadamu. Seiji Nishino na wenzake walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 9, na kwa 7 kati yao haipokretini haikuonekana. Kisha bongo chache zilizotolewa na wagonjwa kabla ya kufariki zilionyesha kuwa asilimia 85 hadi 95 ya seli zinazotengeneza kemikali hiyo zilikuwa zimetoweka. Bila watu hao waliokubali kutoa miili yao, jambo hilo lisingejulikana. Seli hizo ni makumi ya maelfu tu katika ubongo mzima, hivyo kupotea kwake hakuonekani kwa picha za kawaida za hospitali.

Nani aliyeziua seli?

Tofauti na mbwa, binadamu wengi wenye narkolepsia hawana kasoro katika jeni ya haipokretini. Kwa mapacha wanaofanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Ni lazima kuna kitu cha nje kinachochangia.

Wajapani walikuwa tayari wametoa kidokezo. Yutaka Honda, Takeo Juji na wenzao walionyesha miaka ya 1980 kwamba wagonjwa wote waliowachunguza walikuwa na aina moja ya HLA, yaani protini zinazosaidia kinga ya mwili kutambua adui. Uchunguzi wa Wamarekani weusi ulisaidia kusahihisha alama hiyo: kwao ilibainika kwamba jeni inayohusika hasa ni DQB1*06:02. Karibu wagonjwa wote wenye katapleksia wanayo, lakini pia watu wengi wazima wanayo na hawaugui kamwe.

Kisha likaja janga la mafua ya mwaka 2009. Agosti 2010 Ufini na Uswidi zilitoa taarifa za watoto na vijana waliopata narkolepsia baada ya kuchanjwa kwa Pandemrix. Nchini Ufini hatari kwa wenye umri wa miaka 4 hadi 19 ilionekana kuongezeka takriban mara 12, sawa na mgonjwa mmoja hivi wa ziada kati ya 16,000 waliochanjwa. Swali lilikuwa zito. Kukanusha kungewadhulumu watoto wagonjwa, na kutangaza bila uhakika kungewafanya watu wakimbie chanjo zote. Kituo cha Ulaya cha Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa kiliratibu uchunguzi katika nchi nane, ambamo madaktari walitakiwa kutumia ufafanuzi mmoja wa ugonjwa. Wataalamu wa takwimu walilazimika pia kuchuja athari ya magazeti, kwa kuwa habari zilipoenea wazazi wa watoto waliochanjwa waliwahi hospitali kuliko wengine.

Uhusiano na Pandemrix ulithibitishwa katika nchi kadhaa, lakini chanjo nyingine za mafua hayo hazikuonyesha hatari ya namna hiyo. Kutoka China, Fang Han na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa wapya waliongezeka baada ya janga ingawa wachache tu walikuwa wamechanjwa. Hivyo virusi vyenyewe navyo vilishukiwa. Serikali za Ufini na Uswidi ziliwalipa fidia walioathirika.

Haraka ya kupata jibu ilileta aibu pia. Makala ya mwaka 2013 iliyodai kuzipata seli T zinazoshambulia haipokretini iliondolewa mwaka 2014 na waandishi wenyewe, waliposhindwa kuyapata tena matokeo yao. Mwaka 2018 kundi la Uswisi la Federica Sallusto, likitumia mbinu nyingine, lilipata kwa wagonjwa seli T za namna hiyo. Watafiti wengi sasa wanaichukulia narkolepsia yenye katapleksia kuwa ugonjwa wa kinga kujishambulia, ingawa bado hakuna aliyeshuhudia seli hizo zikiua seli za haipokretini ndani ya ubongo wa mgonjwa. Narkolepsia isiyo na katapleksia, ambayo kwa kawaida haipokretini yake haijapungua, haina maelezo hayo.

Matumizi ya matokeo

Kupima haipokretini katika maji ya uti wa mgongo sasa ni njia mojawapo ya kuthibitisha ugonjwa. Dawa inayozuia oreksini, suvorexant, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya watu wanaokosa usingizi. Dawa za kuiga oreksini kwa wagonjwa wa narkolepsia zimechelewa zaidi. Majaribio ya mojawapo, TAK-994, yalisimamishwa mwaka 2021 kwa sababu ya madhara kwenye ini, ingawa ilikuwa imewafanya wagonjwa wakae macho. Mignot na Yanagisawa walipewa kwa pamoja Tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023.