Mayai ya Samoni na Chumvi
Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kutumia mayai ya samaki kama chambo, na naamini kilichowaponza wavuvi ni chumvi kuliko ndoana. Thomas Barker, mwandishi wa Kiingereza wa uvuvi wa ndoana, alikuwa amekwisha kuyasifu mayai ya samoni kama chambo katika karne ya 17, lakini mabichi huoza upesi. Yakitengwa na utando wake, yakatiwa chumvi, yakaanikwa kidogo na kushindiliwa chunguni, hukaa miezi. Na kinachokaa huuzika. Hapo samoni jike aliyejaa mayai, ambaye nyama yake majira ya kutaga ni duni, akapata bei. Wapo watakaosema mayai ya samaki aliyekwisha kuvuliwa yangetupwa bure. Ni kweli, kama alivuliwa kihalali; ila mnunuzi wa chungu angejuaje?