Vyumba Vitatu vya Ifakara

Mzamiaji mzoefu anaweza kuingia majini na mtungi uliojaa hewa huku valvu yake imefungwa. Ameifungua mara nyingi mno kiasi kwamba anaamini na leo ameifungua. Ndiyo maana wazamiaji hukaguana wawili wawili kabla ya kutoka chomboni: hewa, mkanda wa uzito, vifungo. Sisi wa Lipangalala bahari tunaisikia tu, lakini historia ya ukaguzi wa namna hii imepita mjini kwetu, Ifakara, na nashangaa ni wachache wanaoijua.

Kwa kawaida huanza kusimuliwa kutoka Dayton, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935. Ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Rubani wake, Meja Ployer Hill wa jeshi la Marekani, hakuwa mwanagenzi. Kilichosahaulika ni kufungua kufuli linalozuia sehemu za mkia zisitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Hill alifariki. Marubani wenzake wakajitungia karatasi fupi ya kusoma kabla ya kuruka.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi kama hiyo kwenye upasuaji, katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, Manila, New Delhi na Ifakara. Hospitali yetu ya Mtakatifu Fransisko imo kwenye jedwali: vitanda 371, vyumba vya upasuaji 3. Ile ya Manila ilikuwa na vyumba 39.

Karatasi ilikuwa na mambo 19, na yanasomwa kwa sauti: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mengine yanakaribia kuwa matusi kwa mtu mwenye shahada. Mgonjwa huyu ni nani? Tunapasua upande upi? Kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Sindano na vitambaa vihesabiwe. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake zitumie orodha hizo. Utafiti wa 2014 uliangalia hospitali 101, ambazo karibu zote ziliripoti kuitumia ipasavyo, na haukuona upungufu wa vifo wa kutiliwa maanani. Wataalamu wanabishana sababu. Mimi naelekea upande wa wanaosema tiki inaweza kuwekwa na mtu ambaye hakutazama. Mazoea yaliyofukuzwa mlangoni yamerudi ndani ya karatasi yenyewe.

Ripoti ya kwanza ilizitaja hospitali kwa majina, kisha ikayaweka matokeo ya kila moja nyuma ya namba, 1 hadi 8. Kwa tasnifu yangu, namba hizo hazitoshi. Ninaowatafuta ni wauguzi waliokuwa katika vyumba vile vitatu, waliotakiwa kumsimamisha daktari, mtu wanayempa shikamoo kila asubuhi, na kumuuliza mbele ya wote kama ana uhakika ni mguu wa kulia.