Baridi Ilivyofika Mwanza

Kabla ya barafu, Ziwa Victoria lilikuwa na jua, moshi na chumvi. Dagaa walianikwa, sato na furu wakabanikwa, nao walisafiri mbali bila kuoza kwa kuwa maji yalikwisha kuwatoka.

Sangara alibadili mambo. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa nyavu za Mwanza. Ni samaki mkubwa, mwenye mafuta, asiyekaushika kirahisi kama dagaa. Wapo waliompiga chumvi wakapata kayabo, inayouzwa hadi Kongo. Lakini Ulaya ilitaka minofu mibichi. Viwanda vilipoota Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, boti za kukusanya samaki zikawa zinakwenda visiwani zikiwa zimesheheni barafu.

Barafu inayoyeyuka hubaki kwenye nyuzi sifuri: humpoza samaki bila kumgandisha. Sangara aliyefukiwa vizuri humo akingali mbichi hudumu zaidi ya wiki mbili. Akigandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu miezi mingi. Vijidudu havizaliani tena, ila mafuta yake huchacha polepole na ladha ikaharibika.

Havizaliani, lakini havijafa vyote. Hilo ndilo jambo lililoitesa Mwanza. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena, safari hii kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu. Barafu ingefanya nini hapo? Haiondoi sumu, wala haisafishi maji machafu ya mwaloni, samaki wanaposhushwa. Kazi ikahamia mwanzo wa safari: mialo yenye sakafu na maji safi, wakaguzi, maabara. Naamini hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko jokofu lolote lililoletwa mjini.

Damu nayo imepita njia hiyo ya baridi. Mwaka 1917, vitani Ufaransa, daktari Mmarekani Oswald Robertson alichanganya damu na sitrati ili isigande, akaiongezea glukosi ya kulisha chembe, akaiweka kwenye masanduku ya barafu ikiwasubiri majeruhi. Leo chupa ya damu yenye dawa ya kawaida ya kuihifadhi hukaa siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6. Kwa kawaida haigandishwi kama sangara: ikigandishwa hivihivi, chembe nyekundu hupasuka.

Mwanza kwenyewe, Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Miaka kumi na ushee baadaye UKIMWI ukaingia Kanda ya Ziwa, ukianzia Kagera, na ikajulikana kwamba jokofu la damu huvitunza virusi sawasawa na linavyoitunza damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004 na wenye kituo cha kanda Mwanza, ukasimama juu ya wachangiaji wa hiari na vipimo vya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla chupa haijaruhusiwa kutoka.

Utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ukigandishwa hukaa mwaka mzima. Chembe sahani, zinazozuia mtu asitokwe damu, hazitaki jokofu: huwekwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa taratibu, na kwa kawaida siku ya tano ikipita hutupwa. Kwa mgonjwa anayezihitaji, mchangiaji wa mwezi uliopita hawezi kumsaidia. Anahitajika wa wiki hii.