Spika Zilizopita Kibwezi Bila Kushuka

Simama kando ya reli pale Kibwezi asubuhi yoyote, utaona garimoshi la mizigo likitoka Mombasa, kontena nyuma ya kontena. Katika baadhi yake zimo spika, amplifaya, mikisa na kontrola za ma-DJ. Zinapita Mtito Andei, zinapita Kibwezi, zinapita Emali, hazishuki. Zinaishia Nairobi. Siku chache baadaye DJ wa Kibwezi anapanda basi hadi Luthuli Avenue, ananunua kilichompita mlangoni, na anarudi nacho karibu kilomita 200 kikiwa kimefungwa kwenye buti la basi.

Mwulize kwa nini mashine yake ilimgharimu zaidi kuliko mwenzake wa Dubai au Marekani, atakwambia ni umbali. Wengi husema hivyo. Umbali una sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo, na Wakamba tuna sababu ya kulijua hilo mapema kuliko wengine.

Karne ya 19, kabla ya reli, biashara kati ya bara na Mombasa ilikuwa mikononi mwa misafara ya Wakamba. Kivoi Mwendwa wa Kitui, aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, alitajirika kwa pembe za ndovu. Misafara kama yake iliteremka pwani na pembe, ikapanda na nguo, shanga na waya wa shaba. Katika njia za misafara za Afrika Mashariki, mwenye nchi alidai chake kabla mzigo haujapita. Malipo hayo yaliitwa hongo. Leo neno hilo limebaki na maana chafu, lakini enzi hizo lilikuwa ushuru wa njia, na kila mlipaji aliupachika kwenye bei ya shanga. Kilichopandisha bei ya nguo Kitui si miguu ya wapagazi tu, bali pia idadi ya mikono iliyonyooshwa njiani.

Reli ilipokata nchi ya Makueni kuelekea Nairobi, ilikofika mwaka 1899, wapagazi walipotea. Mikono ilihamia ofisini.

Vyombo vya muziki vilikuja kwa njia nyingine pia. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles, na miongoni mwa askari waliorejea nyumbani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha mwaka 1945, walikuwapo waliorudi na gitaa au gramafoni. Magitaa ya aina hiyo yalichangia muziki ambao baadaye ungekuwa benga ya Kikamba, na miaka ya 1970 na 1980 Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, wakausambaza nchi nzima kwa santuri. Lakini gitaa la umeme, amplifaya na spika vilikuwa adimu. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa vya mtu mmoja, mara nyingi mwenye baa, na mpigaji aliyegombana naye aliondoka mikono mitupu hata kama nyimbo zote zilikuwa zake.

Uadimu huo ulikuwa na sahihi ya serikali. Akiba ya fedha za kigeni ilipopungua mwaka 1971, Kenya ilianza mwaka uliofuata kubana uagizaji kwa leseni. Ilikupasa upate kibali cha kuleta bidhaa, kisha kibali cha kupata dola za kuilipia. Kati ya matrekta, dawa na amplifaya ya bendi ya Mbooni, si vigumu kukisia nani aliwekwa mwisho wa foleni. Juu ya hayo, miaka ya 1980 ushuru wa baadhi ya bidhaa ulizidi asilimia 100 ya thamani yake. Aliyekuwa na spika nzuri enzi hizo ama alikuwa na pesa nyingi, ama alikuwa na mtu.

Mwaka 1993 leseni za kuagiza ziliondolewa, kisha udhibiti wa fedha za kigeni nao ukaondolewa. Ndipo mitaa ya vifaa vya umeme ya Nairobi ikafurika, na u-DJ ukaanza kuwa kazi ambayo kijana wa Wote au Mwingi angeweza kuiwaza bila kuwa mtoto wa mwenye baa.

Kizingiti kipya kilikuja na jina zuri: umoja wa forodha. Kenya, Uganda na Tanzania, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilitia saini itifaki yake Machi 2004, nayo ikaanza kutumika Januari 2005. Ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya ukapangwa katika ngazi tatu: malighafi bure, bidhaa ambazo hazijakamilika asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Spika na amplifaya ziliangukia ngazi ya juu. Nia ilikuwa kulinda viwanda vya nyumbani. Kwa viatu na sabuni naielewa hoja hiyo. Kwa kontrola ya DJ, inayoundwa Asia, sijui tunamlinda nani.

Tufanye hesabu kwa viwango vya Kenya vya mwaka 2025. Chukua shehena ya spika yenye thamani ya Sh100,000 inapofika Mombasa. Thamani hiyo tayari imejumuisha nauli ya meli na bima, kwa hiyo anayetozwa ushuru anatozwa hata kwa nauli aliyolipa. Asilimia 25 ni Sh25,000. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 16, lakini haihesabiwi kwenye laki moja. Inahesabiwa kwenye 125,000, yaani kodi imepanda juu ya mgongo wa ushuru. Hapo Sh20,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni Sh2,500. Tozo ya kuendeleza reli, asilimia 2, ni Sh2,000. Jumla Sh49,500, na mzigo bado uko bandarini. Mwenye duka hajaongeza faida, wakala wa forodha hajalipwa, lori halijawashwa.

Hiyo tozo ya reli inanichekesha kidogo. Ilianzishwa mwaka 2013 kwa asilimia 1.5, ikapanda hadi 2, mwaka 2023 ikashuka, na Desemba 2024 ikarudi 2. DJ wa Kibwezi anailipia reli iliyopitisha spika zake mbele ya nyumba yao bila kuzishusha.

Shehena hiyo hiyo ikiingia Dubai inatozwa ushuru wa asilimia 5, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5: jumla Sh10,250. Hiyo ni sababu mojawapo ya wafanyabiashara wetu kulijua soko la Deira huko Dubai kama wanavyolijua la Gikomba. Uganda inatumia ushuru uleule wa jumuiya, lakini VAT yao ni asilimia 18, na mzigo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa kabla ya kufika Kampala. Uingereza nako VAT ni asilimia 20, juu kuliko yetu, lakini haijarundikwa juu ya ushuru wa robo nzima ya thamani. Na anayelinganisha bei za mtandaoni akumbuke kwamba bei ya Marekani huandikwa bila kodi ya mauzo, ilhali ya Uingereza imeibeba tayari. Wengi tumeudanganya moyo wetu kwa kulinganisha hizo mbili.

Kodi zikishatajwa, bado kuna mambo ambayo hayamo kwenye karatasi ya forodha. Tangu mwaka 2005 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) linataka bidhaa zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Ukaguzi huo una ada isiyoshuka chini ya kiwango fulani: mwagizaji wa kontena zima haioni, wa mikisa minne inamuuma. Soko letu ni dogo, na mwenye duka anayeuza kontrola mbili kwa mwezi hutafuta kwenye hizo mbili faida ambayo mwenzake wa London anaitafuta kwenye mia.

Kisha shilingi. Kontrola ya Pioneer DJ aina ya DDJ-FLX4 ilipotoka iliuzwa dola 299 Marekani. Januari 2024 dola moja ilipogonga Sh160, hizo zilikuwa Sh47,840. Miezi michache baadaye dola iliposhuka hadi kama Sh129, zikawa Sh38,571. Tofauti ni zaidi ya Sh9,000, kabla ya senti moja ya ushuru. Aliyenunua Januari hakuibiwa na mtu, aliwahi tu.

Watu hawakukaa wakilia. Ukipita Kitui mjini au Wote utakuta spika ambazo maboksi yake yamechongwa na fundi seremala wa hapa hapa, kwa mbao za plai, na kilichoagizwa nje ni wufa na twita tu. Ni akili nzuri ya biashara: boksi la spika ni hewa iliyozungushiwa ubao, na meli hutoza hewa sawa na chuma. Wengine hununua vyombo vilivyotumika Uingereza, vile vinavyoitwa ex-UK, vizito na visivyofa haraka. Wengine huchangia kontena, kila mtu akilipia kipande chake. Wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima, Nairobi, waliishi kwa njia hiyo hadi msako wa bidhaa bandia wa mwaka 2018 ulipozuia mizigo yao, nao wakaingia barabarani kulalamika.

Njia ya mwisho ni ndugu. Familia nyingi za Ukambani zina mtu Doha, Riyadh au Dubai, na kontrola inaingia kwenye sanduku la nguo bila shida. Novemba 2023 Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ilipokumbusha kwamba msafiri alipaswa kulipa kodi kwa vitu vipya vinavyozidi thamani ya dola 500, nchi nzima ilipiga kelele, na bila shaka ma-DJ walikuwamo.

Kwa hiyo ukiwa na dada au kaka anayerudi na mashine yako, mwambie asitupe risiti ya dukani. Afisa wa forodha asipoonyeshwa bei, huikadiria mwenyewe.