Makaratasi ya Shamba

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma utakuta kabatini bahasha ya kaki iliyoandikwa "makaratasi ya shamba", na ndani yake mkataba wa mauzo, risiti na hatimiliki vimekunjwa pamoja. Kinachonikera ni ile ma-. Karatasi haibadiliki katika wingi; ma- huifanya kuwa lundo. Sheria ya Kenya haijui lundo. Tangu Juni 2003, huwezi kushtaki kwa mkataba wa kuuza ardhi usioandikwa, kutiwa saini na pande zote na kushuhudiwa. Hatimiliki nayo, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ni ushahidi wa umiliki. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Wapo watakaosema nyumbani kila mtu anajua kilichomo. Anayejua ni aliyeweka. Akifariki, mjane au mwana anayefuatilia mirathi huulizwa kila hati kwa jina la hati yenyewe, naye hujikuta akipekua bahasha nzima sakafuni. Faili moja si kosa, mradi kila hati iwe na mfuko wake ulioandikwa wazi: Mkataba, Risiti, Hatimiliki, na namba ya kipande cha ardhi chini yake.