Lebo Baada ya Suruali

Hapa Xintang, China, ninakonunua jinzi za kupeleka Kariakoo, suruali hushonwa kwanza, lebo hufuata. Kwa jicho hilohilo nalisoma The Ring, jarida la ndondi linalowabandika mabondia lebo ya ubora. Nat Fleischer alilianzisha mwaka 1922. Orodha za mabondia bora zikaja 1925, zikaaminiwa. Mwaka 1977 likaumbuka: mashindano ya promota Don King kwenye televisheni ya ABC ya Marekani yalisitishwa baada ya kubainika kwamba rekodi za baadhi ya mabondia, zilizochapishwa na The Ring, zilikuwa na ushindi wa mapambano yasiyopiganwa kamwe. Fleischer alishafariki 1972. Aibu hiyo haikumkuta. Mwaka 2007 kampuni ya promota Oscar De La Hoya ikalinunua. Tangu 2024 ni la Turki Alalshikh wa Saudi Arabia, naye pia huandaa mapambano.