Harufu ya Jike, Hesabu ya Madume: Historia ya Mtego wa Nondo

Mwaka 1959, baada ya kazi ya takribani miaka 20, mwanakemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake waliitenga bombikoli, kemikali ambayo nondo jike wa hariri huitoa ili kumwita dume, na kiasi kidogo walichokipata kilitokana na tezi za majike wapatao 500,000. Mwaka huohuo Peter Karlson na Martin Lüscher walizipa jina la feromoni kemikali za namna hiyo, ambazo kiumbe huzitoa nje ya mwili wake na kubadili mwenendo wa wenzake wa spishi ileile.

Ugunduzi huo ulikuja kuwahusu wakulima wa Shinyanga na Geita, kwa kuwa funza wa vitumba (Helicoverpa armigera), adui wa pamba anayekula pia mahindi, mtama na dengu, ni mtoto wa nondo arukaye usiku. W. Reed alichapisha uchunguzi wake juu ya mdudu huyo katika Tanganyika ya magharibi mwaka 1965, wakati ambapo harufu ya jike wake ilikuwa bado haijabainishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanakemia walionyesha kwamba jike huchanganya aldehidi mbili, moja ikiwa takribani sehemu 97 kati ya 100, na dume, akiinasa harufu hiyo kwa papasi zake, huruka kinyume na upepo huku akiyumba hadi amfikie. Ndugu yake, Helicoverpa assulta, hutumia aldehidi zilezile kwa uwiano uliopinduliwa, na tofauti hiyo husaidia kuzitenganisha spishi hizo mbili.

Mtego wenye harufu hiyo ya kutengenezwa, unaowanasa madume, hauiokoi pamba wenyewe, kwani dume mmoja aliyebaki huweza kupanda majike kadhaa. Thamani yake ni kutoa habari mapema. Ndivyo ilivyokuwa kwa viwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta), ambao utabiri wao Afrika Mashariki ulianza kwa mitego ya taa, inayohitaji umeme, kisha ukaegemea mitego ya feromoni isiyouhitaji.

Viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), wenye asili ya Amerika, walipobainika Tanzania mwaka 2017, mitego ilihitajika tena mashambani. Hata hivyo, katika nchi kadhaa za Afrika chambo chao kimewanasa pia madume wa Leucania loreyi, hivyo mhesabuji hulazimika kukagua mabawa ya kila nondo kabla ya kuandika idadi.